Daftari la Stauti

Lilikuwa humu, kwenye kisanduku cha dashibodi,
chini ya leseni iliyofubaa na pipi mbili za tangawizi:
daftari la shule, jalada la bluu,
mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa katani.

Baba hakuwa mtu wa maneno.
Aliandika kama anayelipia kila herufi.

"Km 41,300. Oili. Filta. Plagi moja mbovu.
Mvua za vuli zimewahi."

"Km 46,290. Oili. Filta. Laining za nyuma.
Mwanakombo kajifungua. Wa kike. Kilo tatu na robo."

Huyo wa kike ni mimi.
Nimekaa kati ya breki na bei ya grisi;
sijapata kuandikwa mahali pazuri zaidi.

Makorora nzima ilimcheka.
Kila Ijumaa, kabla ya kanzu,
alijilaza kwenye mkeka akaisuuza Stauti tumboni
kwa maji baridi, ndoo baada ya ndoo.
"Semkiwa, mbona humkogeshi mkeo hivyo?"
Naye, kutoka chini ya chasisi:
"Chumvi ya hapa haina haraka.
Ndiyo maana haishindwi."

Mimi nilikuwa na kazi ya kijiti.
Alfajiri, injini ikiwa baridi
(huo ndio wakati wake wa kusema kweli),
nakivuta, nakifuta kwa kipande cha kanga,
nakichovya tena, namsomea.
"Ikiwa rangi ya asali, twende.
Ikiwa rangi ya lami..."
Hapo hakumalizia. Alishakwenda kutafuta spana.

Ukurasa wa kumi na tisa: km 107,115.
Kisha kimya. Kilomita elfu kumi na moja na ushei
bila tone la wino.
Ndio mwaka ambao mama alilazwa Bombo,
na hela ya laining ikanunua dawa.

"Km 118,902. Soni, kona ya tatu kutoka juu.
Kanyagio limekwenda mpaka chini.
Gia ya pili. Ya kwanza. Ukuta wa mlima.
Kabichi zote bondeni.
Utingo: mzima. Dereva: mjinga."

Na chini yake, neno moja peke yake,
kalamu imekandamizwa hadi karatasi ya pili:
"Nilijua."

Tangu hapo hakuruka hata mara moja.

Leo kaja mnunuzi kutoka Chumbageni.
Kagonga bodi kwa kidole kama anayechagua nazi.
Rangi imepauka, kasema. Redio haina?
Nikampa daftari.
Kalipekua kwa kidole gumba, kanirudishia.
"Haya makaratasi, dada. Mimi nataka gari."
Akataja bei ya vyuma chakavu.

Fundi Hizza, niliyemwita aikague,
katoka chini na grisi shavuni,
kamtazama yule bwana, kanitazama mimi,
kasema, "Mfungulie geti."

Jioni ndipo nikafika ukurasa wa mwisho.
Mwandiko umelala upande, kama tairi isiyo na upepo:

"Km 287,540. Oili. Filta.
Alama ya kijiti siioni tena.
Mwatumu aje."

Nilikuwa Morogoro.
Sikuitwa.
Hapana, niliitwa.
Nikasema mwezi ujao, kazi zikipungua.

Alfajiri hii nimeinua boneti.
Kile kipande cha kanga bado kimening'inia kwenye msumari wake,
kigumu kama gome.
Nikavuta, nikafuta, nikachovya, nikasoma
kwa sauti, ingawa hakuna wa kusomewa:
asali, ila imeanza kuungua.

Nikatafuta kalamu.

"Km 287,561. Oili. Filta. Mafuta ya breki yamejaa.
Tairi ya mbele kushoto, upepo nusu.
Mvua bado."